Trekta langu lilitetemeka mpaka mke wangu akahamia tela la jirani

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa mjini na wa shamba.

Haya nimeyaishi mwenyewe, huku kwetu juu ya Tengeru. Majina nimebadilisha kwa sababu nataka niendelee kuishi hapa kwa amani. Kingine chote ni kama kilivyotokea. Nikiongeza chumvi, mods wanipige ban.

Kama umekuja kutafuta namna ya kupunguza mtetemo wa injini kwenye trekta dogo la zamani, utapata humu. Ila itabidi upite kwanza kwenye wivu wangu, maana bila huo wivu nisingeshika hata spana.

Niseme mapema, mimi ni mtu wa wivu. Sisemi wivu wa mapenzi tu. Jirani akipaka bati rangi, naumia. Ng'ombe wa mtu akizaa jike, naumia. Mama yangu anasema nilianza kabla sijaota meno.

Twende sasa.

Kuna shamba la maua huko chini lilifungwa, wakawa wanauza vitu vyao. Kati ya hivyo vitu kulikuwa na matrekta mawili ya bustani, yale madogo ya kukatia majani, ya petroli, pistoni moja. Mapacha kabisa. Ya zamani kiasi kwamba hata maandishi ya ubavuni yalishafutika.

Tulikwenda mimi na jirani yangu, tumwite Elisante. Mimi na yeye tumetenganishwa na mfereji tu, migomba yake ikianguka inaangukia kwangu.

Mimi ndiye nilifika kwanza, na mimi ndiye nilichagua kwanza.

Moja lilikuwa jekundu, limepigwa rangi linang'aa. Lingine limepauka kama kandambili za msalani. Nikachukua jekundu. Elisante akachukua lililobaki, wala hakunung'unika. Njia nzima ya kurudi nilikuwa namwonea huruma moyoni.

Kumbukeni hilo la huruma.

Tukavua visu vya kukatia majani, fundi wa kuchomelea akatuundia tela kila mmoja. Kazi zenyewe ni zile zetu za mlimani: kuleta majani ya ng'ombe, kupeleka mbolea kwenye kahawa, na siku ya soko kushusha ndizi Tengeru.

Langu lilitetemeka tangu siku ya kwanza.

Sisemi kutetemeka kidogo. Ukiliwasha na kuliacha limesimama, linasogea lenyewe. Ukikaa kwenye siti meno yanagongana. Siku moja nilipeleka maziwa kituoni kwenye galoni, yakafika na mabonge ya siagi juu. Mpokeaji akaniuliza kama natoka nyumbani au natoka kusukasuka kibuyu.

Nikajiambia ni uzee wa mashine, nitazoea.

Shida ikaanzia kwa Mama Joan, mke wangu.

Mama Joan anafuga kuku, anauza mayai sokoni. Mwanzo alikuwa anapanda tela langu, trei kapakata. Siku moja akaniambia, "Baba Joan, trekta lako linavunja mayai." Nikamwambia ayashike vizuri. Soko lililofuata akasema tena. Nikamwekea gunia la pumba chini. Akasema asante.

Soko lingine niko uani napasha injini moto, nikasikia sauti yake barabarani.

Nikachungulia kwenye migomba.

Mke wangu yuko juu ya tela la Elisante.

Amekaa na Mama Gladness, mke wa Elisante, wanacheka. Na sikilizeni hii wakuu: chini ya mke wangu kuna godoro. Kipande cha godoro kimevishwa shuka la maua. Mama Gladness, mwenye trekta lake, mwenye mume wake, amekaa kwenye gunia. Mke wangu mimi ndiye amekalia godoro.

Nielezeni hapo. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Na lile trekta lililopauka lilikuwa linapita kwa ustaarabu kama gari la bwana harusi. Halitikisiki. Nilimwona Elisante kashika usukani kwa mkono mmoja. Mkono mmoja! Mimi nikishika kwa mikono miwili bado kofia inadondoka.

Niliteremka nyuma yao nikila vumbi lao mpaka Tengeru. Pale sokoni jamaa mmoja muuza parachichi akanipigia kelele, "Baba Joan, leo shemeji umemkodisha?" Watu wakaangua kicheko. Nikacheka na mimi, lakini nilikuwa nachemka.

Jioni nikamuuliza.

"Mama Joan, kwa nini unapanda tela la watu na kwetu lipo?"

"Mayai, Baba Joan. La Elisante halitikisi."

"Na godoro?"

"Godoro ni la mayai."

"Mbona uliyelikalia ni wewe?"

"Na mayai nimeyapakata mimi," akajibu, akaingia jikoni.

Kabla hamjaanza kunishambulia, mimi si mume mbaya. Masika iliyopita aliteleza pale mferejini akiwa na ndoo ya maji, ndoo ikapasuka. Siku hiyo hiyo nilimletea ndoo mpya, tena yenye mfuniko. Wangapi humu mnafanya hivyo?

Basi usingizi ukapungua. Nikawa naamka na trekta, nalala na trekta. Nikisikia la Elisante linapita naacha chakula, nakwenda kusimama kwenye migomba kulisikiliza. Linanguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Lingekuwa langu lile. Nililiacha kwa sababu ya rangi.

Kumuuliza Elisante siri yake? Sikuwa tayari. Ningeuliza vipi wakati mimi ndiye niliyemhurumia?

Nikaanza na njia zangu.

Kwanza nilimpelekea fundi mmoja Kaloleni. Akasafisha kabureta, akabadilisha plagi, akaliwasha. Likawaka kwa mshindo mmoja, lakini likatetemeka vile vile, sasa kwa nguvu mpya. Sikumlaumu, kabureta kweli ilikuwa chafu.

Pili, nikashusha silensa. Kwa wasio wa gereji, ule mzunguko wa injini ikiwa imesimama bila kukanyagiwa mafuta. Huku kwetu kila mwenye chombo anashusha silensa ili abane mafuta, nikaona na mtetemo nao utapungua, si injini itazunguka polepole?

Ikawa balaa. Injini ya pistoni moja ukiishusha sana inapiga kama mtu anatwanga kisamvu. Kila pigo unalisikia kiunoni. Hili kosa naliona kwa wengi, kwa hiyo nalisema kabisa: silensa ya chini sana inaongeza mtetemo, haipunguzi.

Tatu, nikachukua spana nikakaza kila nati niliyoiona. Nilikaza kwa hasira. Matokeo yake hata usukani, ambao mwanzo ulikuwa na nafuu, ukaanza kuwasha viganja.

Na wakati huo wote siku za soko zinakuja. Mama Joan anabeba trei zake, anavuka mfereji taratibu, anapanda tela la watu. Elisante anasubiri mpaka akae vizuri ndio anaondoa. Anasubiri! Mimi nikimwangalia naona kama wanaondoka moja kwa moja, hawarudi.

Ikafika sherehe ya kipaimara ya mtoto wa mzee mmoja wa mtaa wetu wa kanisa. Elisante ndiye alileta viti na turubai kwa trekta lake. Kazi ya viti siku za nyuma ilikuwa yangu. Wenye sherehe waliniambia kistaarabu kwamba viti vya plastiki kwangu vinachunika.

Niko na suti, wali uko mkononi, naliangalia lile trekta limeegeshwa nyuma ya nyumba kwenye kahawa. Hakuna mtu.

Nikaweka sahani chini. Nikavua koti. Nikajilaza chali, nikaingia chini ya trekta la Elisante.

Nikawasha tochi ya simu. Nikaona.

Injini yake haikugusa chuma cha chasisi kabisa. Kila kona imekaa juu ya raba nene ya duara, nyeusi, laini, na bolti imepita katikati ya raba. Injini imeelea. Inatetemeka yenyewe huko juu, raba inameza, chasisi haipati habari.

Nikiwa bado nashangaa nikaona viatu vimesimama karibu na miguu yangu.

"Baba Joan? Ni wewe huko?"

Elisante.

"Nimedondosha simu," nikasema. Na simu iko mkononi inawaka tochi.

Akainama. Hakucheka. Afadhali angecheka.

"Jirani, ungesema tu, ningekufungulia boneti ukaona vizuri. Raba hizo zilikuwa nzima tangu kule shambani, mimi sijazigusa. La kwako hazipo?"

"Zipo," nikajibu, huku sijui kama zipo.

Akanishika mkono akanivuta, akanipangusa majani mgongoni. Wakuu, hakuna kitu kinauma kama mtu unayemwonea wivu kuwa mtu mzuri. Ukimchukia unajiona mchawi, usipomchukia unabaki nao wenyewe wivu, hauna pa kwenda.

Nilitoka pale hata keki sikusubiri.

Nyumbani nikalifungua langu chini kabisa, kitu ambacho ningefanya siku ya kwanza kama nisingekuwa nimelewa rangi. Nikakuta nini? Mtu huko nyuma alizitoa raba zilizokufa, akaweka vipande vya mti wa kahawa na washa za chuma, vile visahani vya chini ya nati, akakaza, akapiga rangi nyekundu juu. Injini yangu ilikuwa imekaa juu ya kuni! Kila pigo la pistoni linakwenda moja kwa moja kwenye chasisi, kwenye siti, kwenye tela.

Na mimi nilivyokaza nati kwa hasira nilikuwa naikandamiza zaidi kwenye kuni.

Sasa mliokuja kwa ajili ya ufundi, sogeeni karibu.

Raba za saizi ile mjini sikupata. Nikawaza kienyeji chetu: raba gani ngumu, inadumu, isiyokufa? Katambuga. Zile sandali za matairi za ndugu zetu Wamaasai, mtu anavaa mpaka anasahau alinunua lini. Nikaenda kwa mzee anayezikata, nikampa shikamoo, nikamwomba anikatie vipande vya duara, vinene, imara kuliko vyote.

Akanikatia kwenye tairi la lori. Nikafunga nikiwa na furaha. Nikawasha.

Karibu yale yale! Tairi la lori lina nyuzi ndani, ni gumu kama ubao. Nilitafuta kinachodumu wakati nilichohitaji ni kinachobonyea. Nikakaa chini nikawaza ule mtiririko wote tangu rangi nyekundu, nikaona kichwa changu kinapenda kitu kigumu kinachopendeza kwa nje.

Mwisho nikapata kwa wauza spea za zamani bushi za shokapu za gari dogo, raba tupu, laini kiasi cha kubonyea kwa kidole gumba. Nikazikata zikalingana. Moja chini ya kila mguu wa injini, na kipande chembamba juu, kisha washa pana, ili bolti isiguse chuma cha chasisi popote. Hili la juu ndilo watu husahau. Ukiweka raba chini tu halafu bolti ikashika chuma kwa juu, mtetemo unapita kwenye bolti kama kawaida.

Kukaza: kaza mpaka raba ibonyee kidogo, basi. Ukiona imetoka mashavu pembeni, umezidisha, umerudi kwenye kuni. Weka nati mbili mbili ili isilegee.

Injini ikianza kuelea, angalia bomba la moshi. Langu lilianza kugonga chasisi, nikalipinda kidogo lipate nafasi. Angalia na mkanda pia, kama puli, yale magurudumu ya mkanda, hazijapangana, mkanda wenyewe unaleta mtetemo wake. Halafu nikapandisha silensa mpaka injini ikapiga mfululizo. Na kabla hujaingiza mkono kokote, zima, chomoa waya wa plagi. Vidole havina spea.

Nikawasha, nikaweka glasi ya maji juu ya boneti.

Maji yakawa yanachezacheza tu juu. Glasi haikutembea.

Nilipiga ukelele, kuku wakakimbia. Mama Joan akatoka jikoni na mwiko mkononi. Nikamwonyesha glasi kama mtu anayeonyesha cheti.

"Limetulia," akasema. Akaweka mkono kwenye tela, akauacha pale, anasikiliza kwa kiganja. "Limetulia kweli, Baba Joan."

"Sasa soko linalokuja utapanda wapi?"

Akacheka. "Nitapanda lako."

Wakuu, nilijiona kama nimeposa upya.

Siku ya soko ikafika. Tena kwa bahati, Elisante alikuwa amekwenda msibani Maji ya Chai, kwa hiyo na Mama Gladness akaja kupanda kwangu. Mke wa Elisante kwenye tela langu! Nikaombea tupite mbele ya kila mtu. Amekuja na lile godoro la maua, kalikumbatia, akalitandika, akamwambia Mama Joan akae. Nikaona sawa, leo hata godoro liko upande wangu.

Tukateremka.

Kwenye mteremko nikaachia mafuta, injini ikawa inanguruma kidogo tu. Nyuma yangu wale wanawake wanaongea. Walishazoea kwamba kwenye trekta langu dereva hasikii kitu. Hata mimi nilikuwa nimezoea. Kwa mara ya kwanza nikasikia kila neno.

Mama Gladness akauliza, "Mgongo unaendeleaje?"

"Leo afadhali," mke wangu akajibu. "Hili nalo sasa limetulia. Mwanzo nilikuwa nikishuka siwezi kuinama kufunga kiatu."

"Umeshamwambia lakini?"

"Nimwambie nini? Nilimwambia mayai. Ya mayai anasikia."

Sikugeuka. Nilishika usukani kwa mikono miwili, na ulikuwa hautetemeki.

Ndipo nikakumbuka kitu. Kipindi chote kile alichosema mayai yanavunjika, sikuwahi kuona hata ganda moja kwenye tela. Mimi mwenyewe ndiye ninayelifagia.

Tulipofika Tengeru nikazima, nikashuka, nikampa mkono ashuke. Akaniangalia kama kanifananisha na mtu.

"Una nini leo?"

"Sina kitu."

Trei nilibeba mimi. Yule muuza parachichi alisema neno lake, hata sikulisikia vizuri.

Tuliporudi nyumbani nikamuuliza mgongo ulianza lini. Akaendelea kuchambua mchele.

"Siku ile ya mferejini."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuja mbio, ukaokota ndoo, ukaigeuza huku na huku. Ukaniuliza imepasukia wapi."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyosema unga umeisha.

Kumbe Mama Gladness aliuona ule mwendo wa kuvuka mfereji taratibu, akamwambia mume wake, na mume wake akakata godoro lao wenyewe. Lile nililolichukia lilikuwa dawa ya mke wangu. Elisante kila soko alikuwa anasubiri mtu mwenye maumivu akae.

Mnataka niseme wivu umeisha? Nawaambia ukweli, umezidi. Wa trekta umekwisha, trekta langu sasa liko sawa na lake. Lakini jirani yangu alijua mgongo wa mke wangu unauma, nami niliyelala kitanda kimoja naye nilikuwa nasikiliza injini. Huu wivu wa sasa sijui unafunguliwa kwa spana namba ngapi.

Nilichojifunza: kagua zile raba kabla hujaangalia rangi, na usishushe silensa kubana mafuta. Na mke wako akikulalamikia kitu, angalia kwanza kama hicho kitu kweli kimevunjika.

Nimeandika kwa simu, makosa mnivumilie. Karibuni mchangie, hata mnaotaka kunicheka, Elisante hakunicheka kwa hiyo nafasi ipo.

Kwa wataalamu nina maswali mawili. Nani anajua anayetibu mgongo vizuri hapa Arusha, mtu wa uhakika, si wa kusugua na mafuta tu? Na je, zile bushi za shokapu hudumu muda gani?

Anayejua la kwanza aanze. La pili halina haraka.